Vyandarua Viwili



Hapa Lodwar joto haliondoki na jua, nasi twalala uani, kila mmoja na chandarua chake. Katikati ya Shaaban, mwezi ukiwa mpevu, chandarua changu kiliangukia cha binti yangu. Nilipotaka kukitoa akanizuia: “Mama, tazama kwanza.”

Jioni ile nilikuwa nimemwambia aiache fizikia atakapoingia kidato cha tatu. Sikuona itamfikisha wapi mtoto wa kike, na bibi yake wa Mombasa alishanipigia simu mara mbili kuniuliza hilo hilo. Hakunijibu, adabu anayo.

Pale vyandarua vilipolaliana palionekana maua makubwa, ambayo hayamo katika kimoja wala kingine. Akakizungusha kimoja kidogo, maua yakapanuka, akazidisha, yakasinyaa.

Akaanza kunieleza. Kalamu ya risasi, ambayo haina risasi hata chembe, ndani ni grafaiti: matabaka ya kaboni, kila moja unene wa atomu moja, lenye matundu ya pembe sita kama chandarua. Tabaka moja huitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliibandua kwa utepe wa gundi, wakatangaza mwaka 2004, na mwaka 2010 wakatunukiwa Nobeli. Ndani yake elektroni hukimbia kana kwamba hazina uzito.

Mwaka 2018, kundi la Pablo Jarillo-Herrero katika chuo cha MIT, Marekani, lililaza tabaka juu ya jingine na kulizungusha digrii 1.1 tu. Hapo elektroni hupunguza mbio na kuanza kuathiriana. Katika baridi ya digrii 271 hivi chini ya sifuri, umeme ulipita bila ukinzani wowote. Idadi ya elektroni ikibadilishwa kidogo kwa volteji, kitu kile kile huuzuia umeme. Hakuna dawa iliyotiwa. Ni ule mzunguko tu. Nami nikisikia habari za baridi hiyo nimejitanda kanga iliyolowa maji!

Nikamuuliza kama makaa yetu ya mathenge nayo ni hayo. Akasema kaboni ni ile ile, ila matabaka yake yamevurugika.

Kumbe mwalimu alilitaja jambo hilo mara moja tu, na mengine aliyasoma katika simu yangu, ile niliyokuwa nikimgombeza kwayo.

Asubuhi fomu ya masomo ilikuwa mezani, fizikia imekatwa kwa wino wangu mwenyewe. Nikaiandika upya pembeni, nikatia saini. Bibi yake bado sijampigia.