Kabla hujaniletea lori nilipake mafuta

Leo naandika kuhusu mkopo wa gari. Wiki hii pekee wawili wenu mmeniuliza kwenye simu kama ni mapenzi ya Mungu mchukue lori la mkopo. Sitawajibu kwa mstari mmoja. Lakini kabla sijafika kwenye hesabu, nina jambo la kukiri.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja wa ushirika wetu hapa Siakago alileta lori jipya uwanjani baada ya ibada. Lilikuwa limefungwa riboni, linanukia rangi. Nilimimina mafuta kwenye boneti, nikaweka mikono, nikatangaza kwamba hili ni la kwanza tu, mengine yanafuata. Akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyemuuliza ni shilingi ngapi kila mwezi, na mimi niliyeshika chupa ya mafuta ndiye niliyestahili kuuliza kuliko wote. Miezi 14 baadaye madalali wa mnada walilivuta alfajiri likiwa limeegeshwa kwake, watoto wakiangalia.

Alikuja kwangu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama imani yake ilikuwa ndogo. Nikamwambia tuendelee kuomba. Mpendwa, jibu hilo limenisumbua kuliko mahubiri yoyote mabaya niliyowahi kuhubiri. Imani yake ilikuwa nzima. Hesabu ndiyo ilikuwa mbovu, na ningeweza kuiona kwa dakika kumi kama ningeomba karatasi ya mkopo.

Sasa nisikilize, maana mwaka 2024 zamu yangu ilifika.

Wengi wenu mnajua Canter yetu kuukuu. Ndiyo imesomesha wanangu, kwa sababu sadaka ya kanisa letu tumekubaliana iende kwenye paa kwanza. Imebeba maembe, imebeba ndengu, mchanga, kokoto, viti vya harusi na majeneza. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa inakunywa oili kama maji na moshi wake ulikuwa unatutangulia kufika Embu. Nikaamua imetosha, Mungu wetu si wa moshi. Nikaenda Nairobi kuangalia lori jipya, la kilomita sifuri.

Niliandikiwa bei ya shilingi 4,500,000. Afisa wa benki alikuwa kijana mwenye adabu sana, akaniita "baba mchungaji", akaniambia nitoe asilimia 10 tu na benki italipa zilizobaki kwa miezi 60. Asilimia 10 ni 450,000. Mimi nilikuwa na akiba ya 320,000, na Canter ilikuwa na mnunuzi wa 580,000. Jumla 900,000! Nikarudi nyumbani nikiimba. Nilimwambia mke wangu kwamba tutalipa amana na bado tutabaki na 450,000 mfukoni.

Mke wangu si mtu wa kelele. Alichukua daftari la hesabu la mtoto, akageuza nyuma, akaniambia, "Baba, nisomee hiyo karatasi yote, hata yale maandishi madogo."

Nikasoma. Lori jipya la aina hiyo linauzwa kichwa na chasi. Nyuma ni vyuma vitupu. Bodi unajenga mwenyewe kwa mafundi, na sisi tuliambiwa 380,000. Bima lazima iwe kubwa, ile inayolipia mpaka gari lako mwenyewe, kwa sababu gari ni la benki mpaka umalize. Ya mwaka wa kwanza ilikuwa 202,000. Ada ya kushughulikia mkopo ilikuwa asilimia 3, ambayo ni 121,500. Akajumlisha pamoja na amana: 1,153,500. Mimi nilikuwa na 900,000. Kwa hiyo ile 450,000 ya kubaki mfukoni haikuwahi kuwepo. Nilikuwa na pengo la laki mbili u nusu kabla lori halijabeba hata kreti moja ya maembe.

Kisha akauliza kuhusu riba. Mkumbuke ulikuwa mwaka gani. Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake mpaka asilimia 13, na benki zinaongeza faida yao juu ya hapo. Mimi niliandikiwa asilimia 18. Kwa mkopo wa 4,050,000, hiyo ni kama 102,800 kila mwezi kwa miaka mitano. Ukizidisha unapata zaidi ya milioni 6.1. Riba peke yake ni zaidi ya milioni mbili, yaani lori zima la mtumba limeenda kulipia lori jipya.

Nikamwambia, "Mama, gari jipya litafanya kazi zaidi." Akaniambia, "Leta daftari la Canter."

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokuja kuniona kuhusu mikopo hawana daftari hili. Wanakumbuka mwezi mzuri. Mimi pia nilikuwa nakumbuka Februari 2023, maembe na ndengu vimekutana, tukabaki na 148,000 baada ya dizeli na mshahara wa dereva. Nilikuwa nimesahau Mei, barabara ni tope na hakuna mtu ana cha kubeba, tulipobaki na 19,000. Nilikuwa nimesahau Novemba, mvua za El Niño, Canter imekaa siku 11 bila kutoka. Nilikuwa nimesahau kwamba kuanzia Julai ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Oktoba dizeli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita, huku wateja wangu wakitaka bei ya nauli ya mwaka uliopita. Mwaka mzima ulituletea 742,000. Gawanya kwa 12. Ni chini ya 62,000 kwa mwezi.

Benki ilitaka 102,800. Lori jipya lingezidi Canter, sawa, lakini barabara za kwetu ni zile zile na maembe yana msimu ule ule. Mwembe haujui una mkopo.

Bwana Yesu katika Luka 14 anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na anasema huyo huketi kwanza akahesabu gharama. Nimehubiri hapo mara nyingi, kila mara nikielekea kwenye gharama ya uanafunzi, na ni sawa, ndiyo maana yake. Lakini angalia kwamba Yesu alichukua mfano ambao kila mtu aliyekuwa anamsikiliza angeuona ni akili ya kawaida. Huketi. Mtu aliyesimama kwenye yadi ya magari ameshika funguo hahesabu kitu.

Bado sikuacha. Lazima niseme ukweli. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyekuwa tayari kunipa kazi ya kudumu ya kupeleka muguka, safari za kila wiki, na kwa kazi hiyo 102,800 ingepatikana na zaidi. Sitaanzisha mjadala wa muguka hapa. Najua wangapi kati yenu mmelipa karo kwa majani hayo, na najua kinachoingia kwenye kapu la fungu la kumi kinatoka wapi. Mimi nilikuwa nasumbuka moyoni kuhusu vijana wanaotafuna mchana kutwa, lakini nikajiambia kwamba mimi ni usafiri tu. Barua ya benki ilikuwa inakwisha mwisho wa Mei. Nilipanga kwenda kutia sahihi siku za mwisho za mwezi.

Tarehe 23 Mei 2024 gavana wa Mombasa akapiga marufuku muguka. Kilifi wakafuata, na Taita Taveta pia. Mnakumbuka jinsi soko lilivyonyamaza. Kabla ya mwezi kwisha Mahakama Kuu ya Embu ilikuwa imesimamisha marufuku hiyo, Rais naye akatangaza kwamba haina nguvu, na magari yakaanza kutembea tena. Zilikuwa siku chache. Lakini katika siku hizo chache waliniijia watu watatu wenye magari ya mkopo, watu wazima, wakitetemeka. Nikaona kwamba ningekuwa wa nne. Dhamiri yangu ilikuwa imeniambia polepole na sikusikia, ikabidi niambiwe na taarifa ya habari.

Barua ya benki ikaisha. Sikutia sahihi.

Tukarudi mezani, mimi na mke wangu, na safari hii tukauliza swali kwa njia nyingine. Mwanzoni nilikuwa nauliza benki itanipa ngapi. Sasa tukauliza mwezi wetu wa kawaida unaweza kutoa ngapi bila kugusa chakula, karo na matairi. Tukakubaliana nusu ya wastani: kama 31,000. Tukaanzia hapo kurudi nyuma mpaka kwenye bei ya gari. Mkopo wa 1,000,000 kutoka kwa Sacco, riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 36, unalipwa 33,200 kwa mwezi. Imezidi nusu kidogo, najua. Jumla ya riba haifiki 200,000. Ukiongeza zile 900,000 zetu, tunaweza kununua lori la 1,900,000. Hilo si jipya. Ni la mtumba, tena lililotumika hapa hapa Kenya.

Niliona aibu, nisikufiche. Mchungaji mwenzangu ana gari jipya. Nilijua kuna watakaosema mafuta yamepungua kwa mtumishi.

Sacco nayo ina jambo lake. Hisa zangu zilikuwa 340,000, na wanakopesha mara tatu, lakini salio lazima lidhaminiwe na wanachama wengine. Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja mjane, mtu ambaye amekuwa kanisani kabla yangu, alinivuta kando akaniambia ametenga hisa zake zote ziandikwe kwa mkopo wangu. Alikuwa anafurahi. Macho yake yalikuwa yanang'aa, kama mtu anayetoa sadaka.

Nilikwenda nyumbani sikula. Mithali 22 inaonya kuhusu mtu anayekuwa mdhamini na kuishia kunyang'anywa kitanda anacholalia. Kitanda chake, mpendwa, kwa deni la mtu mwingine. Nikafikiria huyu mama, na lori langu limepinduka kule Ishiara, na Sacco inakata hisa zake. Je, angeweza kuniambia hapana? Mchungaji wake? Mshirika anapoombwa udhamini na mtu anayemwombea akiwa mgonjwa, hilo si ombi tena.

Nilimrudishia shukrani na nikakataa. Wadhamini wangu wakawa ndugu zangu wawili wa tumbo moja na rafiki wa chuo cha Biblia, watu wanaoweza kunifokea. Na mmoja alinifokea kweli.

Kuna hadithi katika 2 Wafalme 6 ambayo tunaipenda kwa sababu ya muujiza, chuma kikielea juu ya maji. Lakini sikiliza kile kinachomliza yule mwana wa manabii shoka likianguka mtoni. Analia kwa sababu ni la kuazima. Angekuwa na la kwake angenyamaza akanunua jingine. Alijua kuna mtu nyuma ya lile shoka.

Tukangoja miezi mitano zaidi na ile Canter ya moshi, tukiweka kando 100,000, ambayo ni malipo ya miezi mitatu, kabla ya kuchukua mkopo. Ndiyo miezi migumu zaidi. Oktoba 2024 tukapata lori Thika. Tulitafuta rekodi yake kwa NTSA kwanza, kuona kama logbuku inashikiliwa na mkopeshaji mwingine, na hapo tulikuwa tumeshaacha mawili kwa sababu hiyo. Aliyelala chini ya gari na tochi kukagua ni yule ndugu niliyemwombea lori lake miaka ile. Nilimwomba aje. Njiani kurudi nilimwambia nilichopaswa kumwambia zamani, kwamba hakukosa imani, nilikosa mimi kumuuliza. Alinyamaza mpaka tukapita Embu. Kisha akasema, "Pasta, mimi pia sikutaka kuulizwa."

Sitakuambia lori la mtumba ni rahisi. Machi mwaka uliofuata giaboksi ilikufa, 86,000, na ile akiba ikaenda karibu yote. Lakini tulilipa mkopo wa mwezi huo siku yake, na mjane wetu alilala kwenye kitanda chake bila kujua lolote. Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha kiwango, kwa hiyo hesabu yako leo inaweza kuwa nafuu kuliko yangu. Ifanye upya, usitumie namba zangu.

Wale wawili mlionipigia, na mwingine yeyote: niko ofisini Jumanne alasiri. Njoo na mke wako au mume wako, barua ya mkopo yenye kurasa zote, na daftari la miezi 12, pamoja na ile mibaya. Kama huna daftari, anza leo, tutaonana mwakani. Chupa ya mafuta iko kwenye droo, tutafika kwake tukimaliza.