Shimo la Chokaa

Ufundi niliuanza nikiwa na miaka 14, nikifagia maranda katika karakana ya mjomba wangu, mtaa wa Malindi, Unguja. Mwaka mzima sikupewa mti. Kazi yangu ilikuwa kunoa patasi za wenzangu. Siku mjomba aliponipa kipande cha mfenesi nichonge waridi, nilikwisha kujua kwa ncha ya kidole patasi ipi ni kali na ipi ni butu.

Mwaka 1990 ulianza ukarabati wa Zahanati ya Kale pale Mizingani, jengo ambalo tajiri Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Nilichukuliwa kuchonga upya vipande vya roshani vilivyooza, na kazi ikaendelea hadi 1996. Mimi ni mtu wa mbao, lakini saa za kupumzika nilikaa na waashi wazee, na kwao ndiko nilikopata elimu ya chokaa.

Hapo nikalitambua kosa langu. Miaka michache nyuma jirani alinipa ukuta wake uliobanduka, nami nikaupiga saruji nikidhani nimemfanyia hisani. Masika mawili hayakupita, ukuta ukatoka jasho, lipu ikadondoka mapandemapande. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu wa mvua na wa ardhi, na lazima uuteme. Chokaa huuachia nafasi. Saruji huuziba pumzi. Nilirudi kwa jirani yule, nikaikwangua saruji yote na kupaka chokaa bila ya ujira.

Ndiyo maana tulipopewa nyumba kongwe, gofu lisilo na dari, tuifanye skuli ya ufundi kwa vijana wa mtaa, niliomba wanafunzi wa mwanzo waitengeneze wenyewe. Somo la kwanza lilikuwa kuchimba shimo, kuloweka chokaa na kuiacha ikae miezi mpaka ilainike kama samli. Somo la pili lilikuwa boriti za mikoko. Urefu wake unaofaa kubeba dari ni kama mita 3 tu, basi vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Aliyepanda nayo ngazi ikiwa begani hakuhitaji kuelezwa kwa nini wazee walijenga vile.

Wapo walionung'unika. Msichana mmoja, mikono imemchubuka kwa chokaa, aliniambia, "Fundi, mimi nimekuja kusoma nakshi."

Nikamjibu, "Mwanangu, mlango hausimami hewani. Kwanza tupate ukuta wa kuushika."

Alikaa kimya, akachukua mwiko. Ukuta wa ukumbini ni wake, na mpaka leo haujapasuka. Mwaka uliofuata nilimpa patasi. Mfaa wa mlango wetu mkubwa, pale mbao mbili zinapokutana, ameuchonga yeye: yungiyungi kutoka juu hadi chini, mnyororo ukizunguka kingo. Nilipoupitisha mkono sikupata pa kusahihisha. Sasa yeye ndiye mwalimu wa nakshi ghorofani, na wanafunzi wake huanzia kwenye kunoa.

Macho yangu hayawezi tena kazi ndogo ndogo, lakini shimo bado nalisimamia mwenyewe. Kila mwaka kabla ya masika tunaloweka chokaa mpya na kuifunika. Watakaoipaka ukutani ni watoto ambao bado hatujawaandikisha.