Barua kutoka Marekani: Kustaafu Mapema Wazee na Watoto Wakiwa Bado Tegemezi

Kustaafu mapema nchini Marekani ni kuacha kazi kabla ya miaka 62, umri wa chini kabisa ambao mfanyakazi anaweza kudai malipo ya uzeeni ya serikali, Social Security. Hata hiyo 62 ina gharama yake. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata malipo kamili akifikisha miaka 67. Akiyadai akiwa na 62 hukatwa asilimia 30, na makato hayo huandamana naye maisha yote.

Mkenya au Mtanzania aliyehamia ukubwani huumia zaidi kwenye hesabu hii. Ili astahili chochote lazima awe na alama 40, na mwaka mmoja wa kazi hautoi zaidi ya alama nne; kwa hiyo ni miaka kumi kwa uchache. Kisha malipo hukadiriwa kwa wastani wa miaka 35 yenye mapato makubwa kuliko mingine, na pengo lolote hujazwa sifuri. Aliyeingia Lowell au Minneapolis akiwa na miaka 32, akataka kupumzika akiwa na 55, ana miaka 23 ya mapato na sifuri 12. Miaka aliyofundisha Machakos au kufanya kazi bandarini Mombasa haimsaidii hapo, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango ya uzeeni na Kenya wala na Tanzania.

Kinachobaki ni akiba yake mwenyewe, na kwa wengi hiyo ni 401(k), mfuko wa kazini ambao mwajiri mara nyingi huuongezea kiasi fulani juu ya mchango wa mfanyakazi. Anayetoa pesa kabla ya miaka 59 na nusu hulipa kodi ya kawaida na faini ya asilimia 10 juu yake. Kuna mlango wa pembeni: anayeacha kazi katika mwaka anaotimiza miaka 55, au baadaye, anaweza kutoa bila faini. Mlango huo, hata hivyo, unafungua mfuko wa kazi anayoiacha tu, si ile mifuko aliyoisahau kwa waajiri wa zamani. Jambo hili linawagusa hasa wauguzi na watunza wazee, kazi zenye Waafrika Mashariki wengi, ambao huhama kutoka wakala mmoja hadi mwingine wakifuata shifti nzuri. Mwenye mifuko minne huihamishia kwenye ule wa mwajiri wa sasa, ukikubali, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Akiihamisha baadaye, amechelewa.

Kiasi cha kuweka huanzia kwenye kanuni iliyotolewa na mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994: anayetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kufuatana na kupanda kwa bei, hatarajiwi kuimaliza ndani ya miaka 30. Yaani akiba iwe mara 25 ya matumizi ya mwaka. Familia inayotumia dola 40,000 inahitaji milioni moja. Anayestaafu na miaka 50 huenda akaishi zaidi ya hiyo 30, hivyo mwenye tahadhari hushusha ile asilimia.

Kasoro ya vitabu vinavyohubiri kustaafu mapema si kanuni hiyo. Ni kwamba vinahesabu nyumba moja. Mhamiaji ana tatu: ya kwake, ya wazee kule nyumbani, na ya watoto ambao ni watu wazima lakini bado hawajajitegemea. Wako wanaozijumlisha zote, wakazidisha kwa 25, wakaona haiwezekani na kuacha kupanga kabisa. Kosa liko kwenye kuzidisha. Dola 500 kwa mwezi kwa mama mwenye miaka 78 ni 6,000 kwa mwaka, na mara 25 ni akiba ya ziada ya dola 150,000, kana kwamba mama atatumiwa pesa hadi afikishe miaka 103. Fungu la miaka 15, yaani dola 90,000 zilizowekwa mahali pasipoyumba na riba yake ikafidia kupanda kwa bei, linamfikisha 93. Kuandika umri wa mzazi kwenye karatasi namna hiyo huonekana kama kumtakia mabaya, na ndiyo maana wengi hawaandiki. Lakini ni fungu lenye mwisho, na lisichanganywe na akiba ya mtu ya kula mpaka kufa.

Ni nadra pesa za kila mwezi kuvunja mpango. Huvunjwa na zile zisizo na tarehe: kulazwa ghafla, nyonga iliyovunjika bafuni, matanga. Hospitali za binafsi kwa kawaida hudai amana kabla ya kumpokea mgonjwa, na simu inayopigwa usiku wa Marekani haingoji mshahara. Kwa hiyo fungu la dharura la wazee hutengwa peke yake, na bima ya taifa ya Kenya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipiwa mwaka mzima hata na familia isiyoiamini sana. Mzee aliyepita miaka 70 anaweza pia kuandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni zake, na wazee wengi huthamini pesa wasiyoiomba kwa mtoto.

Kuna pia ndugu aliyebaki nyumbani. Huyu hulipa kwa muda wake: ndiye anayepanga foleni kliniki, ndiye anayetafuta dada wa kazi mwingine wa kwanza akiondoka bila kuaga. Walio ng'ambo hupenda kuhesabu dola walizotuma na kusahau siku alizozikosa huyu kazini kwake. Mpango usiomtambua, kwa posho inayojulikana au kwa makubaliano ya wazi kuhusu shamba, huporomoka katikati ya ugonjwa, wakati mbaya kuliko wote.

Serikali ya Marekani haimpunguzii mtu kodi kwa kutunza wazazi walio Kenya. Mzazi asiye raia wa Marekani huhesabiwa mtegemezi ikiwa tu ni mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Tena tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje kwa fedha taslimu. Zinazotoka kwenye akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani hazitozwi, na kwa anayetuma moja kwa moja hadi M-Pesa kutoka kwenye akaunti yake hakuna kilichobadilika.

Kuwaleta wazazi huonekana rahisi kuliko kuwatumia. Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 anaweza kuwaombea ukaazi, lakini hutia saini ahadi ya kuwatunza na kuonyesha mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Aliyekwisha kuacha kazi ana mapato madogo kwenye makaratasi, hata akiwa na akiba nene, na hapo atalazimika kuthibitisha mali. Kwa hiyo ombi hupelekwa mtu akiwa bado kazini. Mzazi mgeni, kwa upande wake, hungoja miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare, bima ya wazee, tena kwa bei kamili kwa kuwa hana alama 40.

Kwa watoto, umri wa kukumbuka ni 26. Sheria ya afya ya mwaka 2010 humruhusu kijana kubaki kwenye bima ya mzazi hadi umri huo, basi mzazi anayeacha kazi akiwa na kijana wa miaka 22 huwatoa wawili kwenye bima kwa mpigo mmoja. La hatari zaidi ni mikopo ya chuo inayochukuliwa na wazazi, ile ya Parent PLUS. Deni ni la mzazi, si la mwanafunzi, na kustaafu hakulifuti. Mzazi aliyesomeshwa kwa harambee ya kijiji huona aibu kumwambia mwanawe achague chuo cha jimbo lao kilicho nafuu, ingawa aibu hiyo inaweza kumgharimu miaka mitano au sita zaidi ya shifti za usiku.

Pengo linalobaki ni la bima ya mzazi mwenyewe. Medicare huanza akifikisha miaka 65. Anayestaafu na 55 ana miaka kumi ya kujinunulia, na hapo ndipo kurudi nyumbani kunapoingia kwenye hesabu, kwa maana bima na matibabu ya binafsi Kenya ni nafuu kuliko Marekani. Kampuni nyingi za bima huko huweka kikomo cha umri wa mteja mpya, kwa hiyo anayerudi na 55 hupokelewa kwa urahisi kuliko anayerudi na 70. Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani kabla ya katiba ya 2010 aurejeshe ule wa Kenya kwanza, kwa kuwa asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya kuikodi kwa miaka 99. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na Mtanzania hulazimika kuchagua.

Raia wa Marekani hufuatwa na kodi yake popote. Akaunti za nje zikizidi dola 10,000 kwa jumla lazima ziripotiwe kila mwaka, hata akaunti ya chama ambayo yeye ni mtia saini tu. Medicare nayo kwa kawaida hailipii matibabu ya nje. Aliyehamia Nakuru akifika 65 huwa na uamuzi mmoja mgumu: alipe ada ya kila mwezi ya sehemu ya B ya bima asiyoweza kuitumia huko, au aiache na, akirudi Marekani baadaye, aongezewe asilimia 10 ya ada kwa kila mwaka aliouruka. Mwenye wajukuu Marekani kwa kawaida huona afadhali alipe.