Safari ya Fumba: Jiko Lisiloingia Ngano

Ukitoka Mji Mkongwe na kushika barabara ya kusini, ukapita Kiembesamaki na uwanja wa ndege, baada ya kilomita zisizofika 25 utakuwa umefika Fumba. Hii ni rasi iliyo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Mbele yake imetanda Ghuba ya Menai, ambayo tangu mwaka 1997 ni eneo la hifadhi ya bahari, na pwani yake ndipo zinapoondokea mashua za kuwapeleka wageni kisiwa cha Kwale. Ardhi yake ni ya uwanda, mawe kwa mawe, lakini muhogo na mtama hustahimili hapo.

Wageni wengi hufika Fumba kwa ajili ya bahari. Sisi akina mama wa kanisa tulifika kumtembelea mama mwenzetu, ambaye binti yake wa miaka 7 amekatazwa ngano maisha yake yote.

Ugonjwa wa mtoto huyu huitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Mwili wa mgonjwa huipiga vita protini hiyo, na vita hivyo huumiza ukuta wa utumbo mwembamba, hata chakula hakifyonzwi ipasavyo. Mtoto huharisha, tumbo hujaa, damu hupungua, na hakui. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa kuu ya nchi yake ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, waliugua tena. Hadi leo tiba yake ni chakula chenyewe: kuacha nafaka hizo kabisa.

Mwenyeji wetu alihangaika miaka miwili. Mtoto alipewa dawa za minyoo mara kwa mara. Wapo waliosema ametupiwa jicho, na wapo waliomnong'ona mama kwamba hajui kulea. Hatimaye madaktari walipima damu, wakachukua na kipande kidogo cha utumbo, na jibu likapatikana. Tangu siku hiyo ni mwaka mmoja, na tulipofika, magauni ya mwaka jana yalikuwa hayamtoshi tena.

Hapa tunaomba akina mama mtusikilize vizuri. Mtoto asiyekua anaweza kuwa na minyoo, kifua kikuu, utapiamlo au maradhi mengine mengi. Mpeleke hospitali kwanza. Wala usimwachishe ngano kabla ya kupimwa, kwa maana ukiiacha mapema, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba hana kitu, kumbe anaumwa.

Kuacha ngano Unguja si jambo dogo. Asubuhi ni boflo, chapati na maandazi. Jioni ni sambusa, tambi na visheti. Hata urojo, ambao kila mtoto wa mjini anaupenda, huzitishwa kwa unga wa ngano. Unga maalumu usio na gluteni huuzwa katika maduka makubwa kwa bei ambayo mke wa mvuvi haiwezi.

Msaada ulitoka ng'ambo ya ua. Jirani yake, bibi mmoja Mwislamu aliyelea wajukuu wengi, alisikia habari akaja na kanga yake kichwani, akasema: "Mwanangu, unalia nini? Kwani sisi zamani tulikula ngano?" Akaanza kuhesabu kwa vidole: vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, bada la muhogo, uji wa mtama, bajia za kunde, mbatata, ndizi na samaki. Mama yule alitueleza kwamba siku hiyo ndiyo alipoacha kumhesabu mwanawe kuwa ni mtu wa kunyimwa.

Lakini lilibaki jambo moja, nalo ni kusaga. Mashine ya kijijini husaga nafaka za watu wote. Huyu ameleta mahindi, yule ameleta nafaka za uji wa lishe zilizochanganywa na ngano, na vumbi la wa kwanza hutoka katika unga wa wa pili. Kwa mgonjwa wa siliaki kiasi hicho kidogo chatosha kumdhuru. Basi zamu yake ya upatu ilipofika, mama hakununua kanga wala sufuria. Alinunua blenda yenye kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu, na tangu imeingia nyumbani haijaonja ngano.

Tulikaa naye jikoni tukajifunza. Mchele huoshwa na kuanikwa hadi ukauke kabisa. Kikombe hujazwa nusu tu. Mashine huendeshwa huku ukihesabu moja hadi ishirini, kisha huzimwa ipumzike, maana ikilazimishwa hupata joto na kuungua. Baada ya kuzima, subiri kidogo vumbi litulie ndipo ufungue. Chekecha, na chenga zirudie. Usitie kidole wala kijiko kabla ya kuchomoa waya ukutani. Viungo navyo, kama hiliki, mdalasini na bizari nyembamba, yeye hununua vizima Darajani na kuvisaga mwenyewe, ili asiuziwe vilivyochanganywa na unga.

Mkate wake wa kumimina ni huu. Roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, uchuje maji. Saga pamoja na kikombe 1 cha tui zito, hiliki nusu kijiko cha chai na hamira kijiko 1 cha chai, hata uwe laini kabisa. Funika uumuke. Tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja, koroga taratibu, umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta. Pika kwa moto mdogo hadi vitokee vishimo juu, kisha weka makaa juu ya kifuniko upate rangi.

Kusaga hakuondoi sumu. Muhogo mchungu lazima urowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kufanywa unga. Mahindi, karanga au makopa yenye ukungu yatupwe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi.

Tena blenda peke yake haitoshi. Chekeche, mwiko, ubao na mafuta ya kukaangia navyo viwe mbali na ngano. Ule mpira wa chini ya kifuniko utolewe na kuoshwa, kwa sababu ndipo unga wa zamani hujificha.

Umeme unaozungusha mashine ile una habari yake. Waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, huingia kisiwani papa hapa Fumba. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, na mwingine wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Kati yake, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilikaa miezi mitatu bila umeme huo. Wanawake walirudia kinu na mchi. Kwa hiyo mwenyeji wetu ana kinu chake pembeni, kipya, nacho hakijatwangiwa ngano.

Tukakumbuka Kumbukumbu la Torati 24:6, ambapo Mungu alikataza jiwe la kusagia lisichukuliwe rehani, kwa kuwa kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Wengi wetu tulikuwa tukiusoma mstari huo na kupita. Katika jiko la Fumba tuliuona kwa macho.

Mama alikuwa na swali moja zito: binti atakapokua, atashirikije Meza ya Bwana, na mkate wake ni wa ngano? Tulimjibu asiogope. Katika Kanisa la Anglikana, anayepokea divai peke yake amepokea Ushirika mzima. Kanisa Katoliki nalo linafundisha vivyo hivyo, na huruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, ingawa isiyo nayo kabisa hairuhusiwi. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha hivyo. Azungumze na kasisi mapema, ili apewe kikombe ambacho hakijatiwa mkate.

Nasi tuliobaki tuna kazi ndogo. Tunapoandaa chai ya ibada, sikukuu au arusi, tuweke sahani moja ya vitumbua vya mchele, vilivyokaangwa katika mafuta safi, tena tuwaambie watoto wote wale kutoka sahani hiyo. Mtoto mgonjwa akila peke yake hujiona ametengwa. Akila pamoja na wenzake hujua kwamba yumo nyumbani. Mungu awabariki mnapopika.