Kutoka Likasi mpaka Ukuta wa Choo Chetu

Musomaji mupendwa, utanisamehe. Mwezi huu sikuletei habari ya mukutano wala ya ujenzi wa kanisa. Nataka tuingie pamoja mahali ambapo kila mutu anaingia kila siku na hakuna anayependa kupazungumuzia: choo. Na ndani ya choo nataka tuangalie kitu kimoja tu, kile kinachoshika karatasi ukutani. Katika makenkayeri ya Lubumbashi wanakiita portipapie. Mimi nitasema kishika-karatasi. Kama unafikiri kwamba pasta amekosa habari ya kuandika, ngoja kwanza. Kitu hiki kidogo kilimwangusha mama yangu muzazi, na mukono wake ukavunjika.

Mama alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho. Mwaka ule ule tulikuwa tumepata choo cha ndani, na mimi, kwa haraka ya kufurahi, nilienda soko nikanunua kishika-karatasi kinachong'aa kama sahani ya harusi. Nilikifunga mimi mwenyewe kwa vise mbili. Usiku mumoja umeme ulikatika. Mama alipotaka kusimama alitafuta kwa mukono kitu cha kujitegemeza, akakamata kile. Kilitoka pamoja na kipande cha krepi ya ukuta. Tulisikia kishindo. Tulimukuta chini, karatasi imejifungua mpaka mulangoni, kifundo cha mukono wa kuume kimevimba.

Alikaa na plasta majuma sita. Hakunilaumu sana. Siku moja tu, akiwa anakula bukari kwa mukono wa kushoto, akaniambia: "Mwanangu, kile kintu ulikiuzia bageni. Hukukiuzia mie." Sikuwa na jibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Siku ya kununua niliwaza wazee wa kanisa watakapokuja kwangu, nikaona macho yao yakiangalia ule ukuta.

Basi mwezi wa kumi nilialikwa Likasi kwa semineri ya vijana. Njia unaijua: kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi, joto la kabla ya mvua, vumbi, na upande wa pili magari makubwa moja nyuma ya mengine, yamebeba mabamba ya mukuba kuelekea Kasumbalesa. Kutoka pale yanapita Zambia mpaka bandari za mbali, Dar es Salaam au Durban. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za mukuba. Niliyahesabu magari yale mpaka nikasinzia.

Walinilaza katika nyumba moja ya zamani kule Panda, moja ya zile nyumba za kiwanda zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, wakati Likasi ilipoitwa bado Jadotville. Madirisha yamechoka, malata yamepakwa rangi mara nyingi. Lakini asubuhi nilipoingia chooni nilisimama nikaangalia kama mutu wa kijiji. Ndani ya ukuta, si juu ya ukuta, kulikuwa kashimo ka mraba ka faiyansi nyeupe, na katikati kijiti cha muti kinachozunguka. Karatasi inakaa mule ndani kama mutoto ndani ya mubeleko. Hakuna kitu kinachotokea inje. Hata ukitaka kukishika ili usimame, hauna mahali pa kushika. Fundi aliyekiweka ni marehemu tangu zamani, na kazi yake haijatikisika.

Nilikaa nikanyosha mukono. Vidole vilifika bila mimi kugeuka wala kuinama. Nilitoka nikaomba metre kwa muzee mwenye nyumba. Alicheka, lakini alinipa. Kutoka chini mpaka katikati ya kijiti: santimeta 68. Kutoka ukingo wa mbele wa kiti cha choo kwenda mbele: santimeta 25. Mahali pengine wanapoandika mashauri ya ujenzi wanapenda vipimo vya namna hiyo, yaani kati ya 65 na 70 kwenda juu, kati ya 20 na 30 kwenda mbele. Kile changu mimi nilikiweka nyuma ya bega, kwa sababu pale ndipo kilionekana vizuri kutoka mulangoni.

Muzee alinipa na habari nyingine. Miaka ya 1990, kiwanda kilipolegea na mushahara ukachelewa, kitu cha kwanza kutoka katika nyumba ile kilikuwa karatasi ya choo. Kile kishimo kikabaki tupu. Mama wa nyumba akaweka sabuni mule, kisha mushumaa. Pembeni wakapiga musumari, na juu ya musumari wakatunga karatasi za kaye za watoto. "Siku moja," akasema, "nilikuta bilteni yangu ya mushahara wa zamani pale. Nikasoma hesabu, nikasikia uchungu, nikaitumia."

Ninyi muliokua kambini munaujua ule musumari. Na mimi nitakiri neno moja mbele yenu. Katika safari hiyo hiyo, nyumbani kwa ndugu mumoja, niliomba njia ya choo cha inje. Juu ya musumari nikakuta gazeti letu hili, limekatwa vizuri katika vipande vinne. Kipande cha juu kilikuwa na mahubiri yangu. Nilikigeuza nyuma, nikachukua kile cha matangazo.

Niliporudi Lubumbashi nilikuwa nimeamua kununua tena, lakini kwa akili. Niliingia Soko Mzee Kabila na kipande cha sumaku mufukoni, kile cha ndani ya spika ya redio iliyokufa. Nakushauri uchukue na wewe. Kijana mumoja akanionyesha kishika-karatasi kinachong'aa: "Papa pasta, ii njo inoksi ya kweli, haishikake kutu." Niliweka sumaku, ikakamata kwa nguvu sana. Hapa ujue kwamba kwa kawaida ni chuma kilichopakwa kromu nyepesi juu. Katika nyumba zetu, ambamo duche na choo viko chumba kimoja na tunaoga kwa ndoo, chuma kile kitaanza kutoa machozi mekundu ukutani kabla ya mvua za mwaka mumoja kuisha.

Kama sumaku haikamati, bado usilipe. Pima uzito kwa mukono. Kuko vingine vya zinki iliyoyeyushwa na kumwagwa ndani ya forma. Havishiki sumaku, lakini shingo yao nyembamba inavunjika kama biskuti. Kisha geuza kitu, angalia nyuma yake na ndani ya tundu la vise, mahali ambapo kromu haikufika vizuri. Ukiona rangi ya manjano, umepata letoni, na letoni haishiki kutu nyekundu. Kijana aliponiona nikichungulia matundu aliita mwenzake: "Njoo uone, pasta anatafuta nini mule!"

Letoni ni nini? Ni mukuba uliochanganywa na zinki. Mukuba uko hapa kwetu. Zinki iko Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi; mugodi ule ulisimama mwaka 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Yaani nusu zote mbili za kile kitu nilichokishika mukononi zinatoka udongoni kwetu, na kikartoni chake kiliandikwa kwamba kimetengenezwa China. Sikukasirika, au nilikasirika kidogo tu. Bei yake ndiyo ilinirudisha mulangoni. Kwa franka zile tungekula unga majuma mawili.

Kwa hiyo nilienda kwa mafundi wanaopiga mukuba, wale wanaouzia wageni picha za wanyama na za akina mama wenye kutwanga. Nikamwuliza mumoja kama anaweza kunitengenezea kishika-karatasi. Aliniangalia sana. Kazi ya kwanza ya namna ile, akasema. Alichukua kipande cha bomba la mukuba, akakikunja mara mbili, akaacha ncha moja wazi ili karatasi iingie kwa ubavu bila kufungua kitu. Hiyo ncha wazi ni neema kwa muzee ambaye vidole vyake havina nguvu ya kubinya ressort. Karatasi nyingi zina upana wa santimeta 10 hivi. Tuliacha 13, ili izunguke bila kukwama.

Na kuko jambo lingine la mukuba ambalo wengi wetu tunaoishi juu yake hatulijui. Vijidudu vingi vikikaa juu ya mukuba mutupu vinakufa kwa muda wa saa chache. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilikubali kuuandika kati ya vitu vinavyoua vijidudu, baada ya kuupima. Lakini lazima uwe mutupu: ukiupaka kromu au verni, kazi ile inakwisha. Mwaka huo huo wa 2008 kipindupindu kilikuwa kinatupiga Lubumbashi na Likasi, tunakumbuka. Usiache kunawa kwa sabuni kwa sababu umeweka mukuba ukutani. Lakini kitu ambacho kila mukono muchafu unakigusa, afadhali kisiwe makao ya vijidudu. Utageuka rangi, kahawia, mara nyingine kijani. Sugua kwa ndimu na chumvi ukitaka. Mimi nimeuacha.

Ukuta ndio ulinipa kazi zaidi. Piga ukuta wako kwa vidole kwanza. Kama ni tofari ya kuchoma na krepi nzuri ya simenti, toboa, weka sheviye ya plastiki, kaza vise. Kama ni tofari mbichi kama zetu, sheviye itakudanganya siku chache. Fundi wetu alichimba tundu kubwa la ngumi, akaingiza kipande cha muti mugumu, akakizungushia simenti, akakataa kabisa kufunga kitu kabla ya siku nne. Niliona anachelewesha kazi. Kumbe ndiye aliyekuwa na haki.

Na upande wa pili, kwa mama, aliweka bomba la maji la chuma nzito, urefu wa mukono, limefungwa kwa bulo ndefu zinazopita mpaka upande wa pili wa ukuta. Ile ndiyo ya kushika. Kishika-karatasi, hata kiwe cha dhahabu, hakikutengenezwa kubeba mutu. Kama kuko muzee, mama mwenye mimba au mugonjwa nyumbani, anza na bomba lile, karatasi itafuata.

Wengi mutaniuliza: na sisi wenye choo cha inje? Usiweke mukuba inje, ndugu yangu. Asubuhi utaukuta kwa wauza mitraye, na choo chako kitakuwa kimebaki na matundu mawili. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kifuniko. Kata ubavuni mustari mumoja mwembamba, kunja makali ndani ili yasikate vidole, simamisha karatasi mule, toa ncha kwa ule mustari. Mende hawaingii, panya hawatafuni, mvua ya malata yenye kutoboka haifiki. Nimeliona Kikula kwa mama mumoja mujane, na ninakuambia kweli, lilikuwa zuri kupita kile changu cha kwanza. Musumari nao si dhambi, lakini kunja ncha yake juu, isitoboe mutoto.

Neno la mwisho la kazi ni hili, maana nyumbani kwangu lilileta mabishano: karatasi ianguke mbele au nyuma? Mutu aliyeandikisha karatasi ya choo ya kuzunguka na kukatika, Seth Wheeler wa Albany kule Marekani, mwaka 1891, alichora inaanguka mbele. Mbele haisuguani na ukuta wenye unyevu, na gizani unaipata haraka. Mama pasta anataka nyuma, kwa sababu mutoto wetu wa mwisho akipiga ile ya mbele kwa mukono, inazunguka mpaka kwisha. Tumekubaliana: nyuma mpaka mutoto atakapoanza shule. Torati nayo, katika Kumbukumbu sura ya 23, inawaagiza watu wa jeshi wabebe kifaa cha kuchimbia na wafunike uchafu wao; juu ya mbele na nyuma haisemi kitu.

Mwezi wa saba mama alirudi kwetu. Mukono umepona, lakini ukibadilika hali ya hewa unamukumbusha. Aliingia chooni mchana, akakawia. Nilikuwa nimesimama katika kolidoo kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Nilisikia bomba likilia kidogo alipojivuta, kisha maji ya kunawa. Alitoka, akafunga kitambaa chake vizuri.

"Ii ya kushika iko nguvu," akasema. Kisha akapunguza sauti: "Na ile ya mukuba, batu banajua kama iko humu?"

Nikamwambia hapana, Mama, ni sisi wa nyumba tu. Habari ya gazeti sikumwambia.