Weusi wa Mbuga, Weusi wa Tope

Septemba, udongo wa mbuga nje ya mji wa Bariadi huwa umepasuka. Nyufa zinakatiza shamba, zinakutana, zinaachana, na kuigawa ardhi vipande vipande vyenye kingo kali. Niliingiza fimbo katika ufa mmoja. Ilizama yote, na mkono wangu ukafuata hadi kwenye kiwiko. Kule chini kulikuwa na ubaridi kidogo. Juu, jua lilikuwa kali na upepo ulinuka moshi.

Moshi ulitoka shamba la jirani. Pamba ilikwisha kuvunwa, na mabua yaliyong'olewa yalikuwa yakiungua kwenye malundo, kwa sababu yakiachwa huwahifadhi wadudu hadi msimu ujao. Majivu mepesi yalipeperuka na kutua juu ya nyufa. Chini ya mkwaju aliketi mzee mwenye shamba. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "mwadila", akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Mzee wangu, udongo mweusi namna hii bila shaka una rutuba nyingi."

"Unashika maji, mwanangu," alisema. "Lakini mbolea yenyewe iko kule." Alinyoosha kidole kwenye zizi la ng'ombe, ambako samadi kavu ilifika magotini.

Alikuwa anasema kweli. Weusi wa mbuga humdanganya mgeni. Sehemu kubwa ni mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Mboji iliyogandamana nao, yaani mabaki ya majani, mizizi na wadudu yaliyooza, mara nyingi ni sehemu chache tu katika 100. Kidogo hicho kinatosha kuupaka udongo wote rangi.

Ukiinua macho kutoka mbugani, unaiona nchi ya Wasukuma ilivyopangwa. Juu kabisa ni miamba ya matale, mingine mikubwa kuliko nyumba. Mteremkoni upo mchanga wa luseni. Bondeni ndiko iliko mbuga. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo aliyefanyia kazi Amani, kwenye milima ya Usambara, aliandika kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni katika nchi hizi ni mnyororo mmoja: maji hukichukua kilichoko juu na kukiweka chini. Hadi leo wataalamu wa udongo duniani kote hulitumia wazo hilo.

Kabla ya kuondoka nilipita katika ngitili ya ukoo mmoja. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa kidogo kidogo kiangazi kinapobana. Utaratibu huo wa wazee ulikuwa umefifia. Mwaka 1986 ulianza mradi wa kuufufua katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliozijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Wilaya hizo ziliingia katika Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa baadaye, mwaka 2012. Ndani ya ngitili, chini ya migunga, nyasi zilifika kiunoni. Nilifukua kwa vidole. Majani makavu juu, majani yaliyolainika chini yake, halafu udongo wenye unyevu mdogo na harufu ya mvua. Hatua chache nje ya mpaka, ardhi ilikuwa tupu na ngumu.

Barabara ya Lamadi hushuka taratibu kuelekea Ziwa Victoria. Nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori zimenasa katika miiba kando ya lami. Lamadi unaisikia kwa pua kwanza: dagaa walioanikwa, mafuta ya kukaangia, vumbi. Kutoka hapo niliifuata barabara kuu ya Mwanza, nikapita Nyashimo, Nassa na Magu, hadi daraja la Mto Simiyu.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, na vidimbwi vichache vya kijani. Ni vigumu kuamini kwamba bonde lake lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, kuanzia upande wa Serengeti. Mvua zikinyesha, maji hupita hapa mazito, rangi ya kahawia. Yamebeba udongo wa mashamba, kinyesi cha mifugo, majivu ya mabua, majani. Yote yanaelekea Ghuba ya Speke.

Penye mdomo wa mto mafunjo yamesimama. Mashina ya kijani yenye pembe tatu, marefu kuliko watu wawili waliobebana, yamefungamana hadi upepo unapita juu yake tu. Mvuvi kijana alinipakia katika mtumbwi wake. Ndani ya njia nyembamba ya maji kelele za barabara zilikoma, na tukawasikia ndege bila kuwaona. Alipochoma pondo chini, mapovu yalipanda mengi, yakapasuka. Alipolichomoa, lilikuwa limepakwa tope jeusi, laini kama uji wa ulezi, lenye nyuzi za mizizi ya zamani.

Nililishika tope hilo. Lilinuka uozo, lakini si kwa ukali niliowahi kuunusa kwenye mikoko ya Rufiji. Kule maji ya bahari yana chumvi zenye salfa. Bakteria wasiopata oksijeni huzitumia, na tope hutoa harufu ya mayai viza. Maji ya ziwa yana salfa kidogo, kwa hiyo kinachopanda zaidi ni methani, gesi isiyo na harufu. Vinginevyo kazi ni ileile. Shina la mafunjo haliishi mwaka. Hufa, huanguka, huzama. Chini ya maji yaliyotuama hakuna hewa ya kutosha kulimaliza, na mabaki hujijenga tabaka juu ya tabaka. Ukubwa wa akiba ya namna hiyo umepimwa kwenye mikoko: utafiti wa mwaka 2011 kuhusu mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ulikuta wastani wa tani 1,000 hivi za kaboni kwa hekta, nyingi zikiwa ndani ya tope.

Ukingoni mafunjo yalikuwa yamefyekwa na mifereji kuchimbwa. Palipandwa mahindi na mboga. Udongo ulikuwa umekauka, umepauka, tena uko chini kuliko kinamasi kilichobaki.

"Mwaka wa kwanza mahindi yanastawi sana, kaka," mvuvi alisema. "Halafu yanapungua."

Sababu ni hewa. Maji yakiondolewa, oksijeni inaingia, na kilichohifadhiwa kwa vizazi huoza upesi na kupaa kama hewa ya ukaa. Mazao machache ya kwanza hula akiba hiyo.

Siwezi kumlaumu anayelima pale. Ana watoto wa kulisha, na kiangazi hakimwachi na shamba jingine lenye unyevu. Lakini sehemu ya jibu iko huko juu nilikotoka. Samadi ikitoka zizini ikaingia shambani, ngitili ikiheshimiwa, shamba la Bariadi litamlisha mwenye nalo na mto utashusha udongo kidogo. Na ukanda wa mafunjo ukiachwa penye mdomo wa mto, utayachuja maji hayo kabla hayajaingia katika ziwa la kilomita za mraba 68,800 ambamo nchi tatu zinavua samaki. Mzee wa Bariadi na mvuvi wa Simiyu hawajuani, ila maji anayovulia mvuvi yanategemea anachokifanya mzee.