Shule ya Ng'ambo ya Reli

Shangazi,

Nakuandikia kutoka Isaka, kwenye benchi la mama lishe mmoja karibu na stesheni. Uliniagiza nikifika Usukumani nisiishie kupiga picha ng'ombe na mawe, niingie shuleni nikakutazamie hali ya walimu na watoto. Nimeingia, na mwalimu mstaafu kama wewe anastahili barua ndefu, siyo ujumbe wa simu.

Wengi wanaijua Isaka kwa malori tu. Basi likitoka Tinde kuelekea Kahama, abiria wanaona foleni ya magari ya Rwanda, Burundi na Kongo, wanafunga dirisha kukwepa vumbi, safari inaendelea. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kwa miaka mingi Isaka ilikuwa stesheni ya kawaida ya kupakia mazao. Jina lake lilipaa mwaka 1994, chakula cha wakimbizi wa Rwanda kilipokuwa kinashushwa hapa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Baadaye ikaja bandari kavu, na siku hizi habari ya mjini ni reli mpya ya SGR: kilomita 165 kutoka Tabora mpaka hapa, na 341 kutoka hapa mpaka Mwanza. Kila mtu ana ndugu aliyewahi kupata kibarua kwenye tuta.

Shule niliyokwenda iko ng'ambo ya reli. Jina lake nitakutajia tukionana. Nilikaribishwa kwa "mwangaluka" na kiti cha plastiki chini ya mwembe, na kwenye tawi la mwembe huo inaning'inia kengele ya shule: kipande cha reli cha urefu wa mkono, kimetobolewa juu na kufungwa waya. Mtoto wa zamu anakipiga kwa nondo, na mlio wake unafika mpaka kwenye maegesho ya malori. Mwalimu mkuu aliniambia walishaletewa kengele ya umeme, ila umeme ukikatika watoto wanachelewa kurudi darasani. Chuma cha reli hakijawahi kuwaangusha.

Ukisimama chini ya mwembe huo unaisoma historia ya shule kwa mabati. Jengo la kwanza ni la tofali za udongo, kuta nene, madirisha madogo ya mbao, bati limeiva kutu. Linalofuata lina tofali za kuchoma, kila moja na ukubwa wake, kwa sababu kila familia ilifyatua kwa kalibu yake. La tatu limepigwa lipu nje na ndani, sakafu ya saruji, nondo madirishani. La mwisho lina vigae, vioo vya aluminiamu na bati la msauzi la rangi ya bluu, na kuta za darasa la awali zimechorwa herufi, namba na twiga mwenye shingo inayofika kwenye dari. Ukihesabu kutoka kulia kwenda kushoto, umetoka ukoloni mpaka leo bila kufungua kitabu.

Mzee mmoja aliyesoma hapa kabla ya Uhuru alikuja kunisalimia, na nikamng'ang'ania. Anasema walianza chini ya mkuyu, wakiandika kwa vidole mchangani kabla ya kupewa vibao. Shule ilikuwa ya ntemi, maana yake ya serikali ya wenyeji, na ilikuwa na darasa la kwanza hadi la nne basi. Ukifaulu unakwenda shule ya kati, mbali na nyumbani, kwa ada ambayo baba aliilipa kwa pamba au kwa ndama. Darasa lao lilikuwa na wavulana watupu isipokuwa wasichana wawili, mmoja binti wa mzee wa kitongoji. Ungekuwa mtoto wa ntemi, njia ilikuwa pana zaidi: Kidaha Makwaia wa Usiha, hapa hapa Shinyanga, alisoma Tabora na Makerere, na mwaka 1945 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Mtoto wa mchunga ng'ombe aliishia kujua kusoma barua na kuhesabu kilo za pamba mizani isimuibie. Mzee hakulidharau hilo hata kidogo. Alisema wazazi wao walianzisha vyama vya pamba vya akina Paul Bomani miaka ya hamsini kwa elimu hiyo hiyo ya darasa la nne.

Jengo la pili ndilo lililonishika, Shangazi, kwa sababu ni la kizazi chako.

Unajua mwaka 1974 ulivyokuwa. Huku Shinyanga watu walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na zizi lake na minyaa yake, jirani yuko umbali wa sauti. Operesheni Vijiji ikawakusanya, wengine kwa kubembelezwa na wengine kwa kusukumwa, na mzee bado anaionyesha kwa kidole sehemu ilipokuwa nyumba ya baba yake, sasa ni shamba la mtu. Aliipenda nyumba ile na hajasahau. Novemba mwaka huo huo likaja Azimio la Musoma: ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mambo hayo mawili yalikutana hapa kama mito miwili. Watoto waliokuwa wametawanyika porini ghafla walikuwa jirani, shule ilikuwa na vyumba viwili, na walimu hawakuwepo.

Ndipo mlipokuja ninyi. Nimekutana na mwalimu mstaafu wa UPE, ile Elimu ya Msingi kwa Wote, mama wa hapa hapa, mwenye umri wako. Alimaliza darasa la saba, akachaguliwa na kijiji, akawekwa mbele ya darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko wazee wote wa kitongoji. Asubuhi anafundisha, mchana anasomeshwa yeye na mwalimu mwenye cheti, jioni anasikiliza masomo ya redio na kujaza kazi za posta, na mwisho wa miaka mitatu hivi anakwenda chuoni kwa muda mfupi kumalizia. Jioni nyingine ubao ule ule ulikuwa wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo alimfundisha mtoto saa mbili asubuhi na mama yake saa kumi alasiri. Alinitolea daftari lake la maandalio ya somo, limefungwa kwa kipande cha khanga. Mwandiko umenyooka utadhani umechapwa: tarehe, kipindi, idadi ya waliopo, lengo, zana. Kwenye safu ya zana ameandika "vijiti 20, mbegu za ukwaju". Kwenye maoni ya mwisho: "Wameelewa kujumlisha. Watatu bado, nitawarudia kesho."

Miaka mingi nimesikia watu wakisema "mwalimu wa UPE" kwa dharau, na najua umeisikia na wewe, mpaka kwenye vikao vya harusi. Nilipolishika daftari lile nilikasirika kwa niaba yenu. Nchi ilitaka kila mtoto asome ndani ya miaka mitatu, ikawapa watu wa miaka kumi na saba chaki na kuwaambia waende. Mlikwenda. Jengo la nne lenye vigae limesimama juu ya maneno yale ya "nitawarudia kesho", na nitalisema hilo popote.

Miaka ya themanini sina haja ya kukusimulia, uliiishi. Ada na michango vikarudi, vitabu vikaadimika, watoto wakakaa chini, wengine wakaondolewa kwenda kuchunga. Mama huyo anasema kuna mwaka alifundisha darasa zima kwa kitabu kimoja, akikikata kurasa na kuzizungusha. Ada ilipofutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka uliofuata, walikuja kuandikishwa darasa la kwanza watoto wenye ndevu zinazochungulia. Jengo la tatu ni la wakati huo.

Nikueleze linavyojengwa jengo huku, maana mgeni anaweza kudhani lilishushwa na kreni. Kwanza ni mkutano wa kijiji. Kila kaya inapangiwa: mawe, mchanga, maji, siku za kuchimba msingi. Wananchi wanapandisha kuta mpaka kwenye linta, na hapo jengo linaitwa boma. Boma linaweza kukaa hivyo mvua kadhaa, majani yakiota ndani na mbuzi wakijikinga jua, likisubiri serikali au mwenye pesa aje kupaua. Aliyechangia na asiyechangia wameandikwa kwenye daftari, na wanaofuatilia ni sungusungu, jeshi lile la jadi lililoanzia maeneo haya mwanzoni mwa miaka ya themanini kupambana na wezi wa ng'ombe. Sungusungu hao hao ndio wanaobisha hodi kwa mzazi ambaye mtoto wake ameonekana machimboni siku ya shule. Nilimuuliza kamanda mmoja kama hilo halileti uhasama. Akasema: "Ng'ombe akiibiwa tunamfuata. Mtoto je?"

Machimbo si mbali. Mgodi wa Bulyanhulu uko kwenye halmashauri hii hii ya Msalala, na kuanzia Kahama mpaka Geita kuna maduara na makarasha ya wachimbaji wadogo ambako mvulana wa darasa la sita anaweza kupata kwa siku pesa ambayo mwalimu wake haiweki mfukoni. Dhahabu hiyo hiyo ndiyo inayojenga pia: halmashauri inapata ushuru wa huduma kutoka kwenye mapato ya mgodi, na tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017 makampuni yanapanga pamoja na halmashauri fedha za kuhudumia jamii. Yako maboma yaliyopauliwa kwa njia hiyo. Ila mtoto anayekwenda kuponda mawe hapitii kwenye vikao vya halmashauri. Anapita na baiskeli ya kaka yake.

Kwa wasichana nilitaka kuona kwa macho. Utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga ndiko walikoolewa mapema kuliko mikoa yote, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 wakiwa wameolewa kabla ya kufika 18. Ng'ombe wa mahari walikuwa na sauti kubwa kuliko cheti. Leo darasa la saba la shule hii lina wasichana wengi kuliko wavulana, na mwalimu mkuu anasema kesi ya Rebeca Gyumi, ile aliyoshinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na tena Mahakama ya Rufani mwaka 2019 kuhusu umri wa kuolewa, inatajwa mpaka kwenye vikao vya wazazi. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Mmoja amerudi hapa jirani, sekondari, na bibi yake ndiye anayemlea mtoto.

Kitu kingine kilichobadilika ni kidumu. Watoto wa Isaka walikwenda shule na daftari mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, kila siku, kwa ajili ya kumwagilia, kudeki na kupika uji. Maji ya Ziwa Victoria yalivutwa kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na baadaye bomba likafika Kagongwa na Isaka. Bomba la shule liko nyuma ya vyoo vipya, na niliwakuta wa darasa la pili wakinawa mikono kwa furaha ya kuchezea maji.

Watu wa hapa hawajasahau kuogopa mvua, hata hivyo. Machi 2015, pale Mwakata, kijiji cha jirani, mvua ya mawe ilishuka usiku na nyumba za tofali mbichi zikawaangukia watu wakiwa wamelala. Makumi walikufa. Ndiyo maana darasa la tofali za udongo halitumiki tena isipokuwa kuhifadhi madawati mabovu, na wazazi waliposikia fedha za mradi wa BOOST zinakuja, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, swali la kwanza mkutanoni lilikuwa kina cha msingi.

Vigae vipo, umeme upo, mwalimu wa taaluma ana kishikwambi, kimoja kati ya vile vya Sensa ya 2022 vilivyopelekwa mashuleni, na anaandikia mahudhurio humo. Walimu ndio hawatoshi. Tangu michango ya lazima ifutwe Januari 2016 watoto hawajaacha kumiminika, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, tena 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu, hainunui mwalimu. Darasa la kwanza nililoingia lilikaa watatu watatu kwenye dawati, na mwalimu kijana aliyekuwa mbele alikuwa peke yake, sauti imekauka. Na mwaka 2027, kwa mtaala mpya, wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza kwa pamoja. Mwalimu mkuu ameanza kuulizia nafasi za sekondari sasa hivi, na wazazi tayari wana boma jingine lililofika kwenye linta.

Nina ombi moja. Rejista za zamani za shule hii zimeliwa na mchwa, na mwalimu mkuu anakusanya majina upya kwa kuwauliza wazee mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Yule mama wa UPE ameshampa majina ya darasa lake la kwanza, yote, na aliyekaa dirishani. Wewe pia unayo ya kwako kichwani. Tafuta daftari uanze kuyaandika. Namba ya huyo mama nitakutumia, maana aliponisikia nikikutaja alitaka mzungumze.

Msalimie Mjomba na watoto wote.

Ni mimi mwanao